Ondoa Kabla ya Kuruka

Usiku wa jana niliota nimeshaanza mafunzo kwa vitendo, ingawa barua inasema naripoti leo asubuhi. Kampuni ni ile ile ndogo ya kurusha roketi huko Singida, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha kukamua alizeti. Roketi zao zinanukia mafuta ya kupikia. Ukikaa nazo karibu unatamani chapati.

Mnielewe kwanza. Nisipofaulu mafunzo haya, narudia mwaka wa tatu. Na baba ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe Yesaya anakwenda kurusha roketi. Kwaya ikapiga vigelegele. Sasa hapo unarudije nyumbani kusema umefeli?

Basi, msimamizi wangu ni Injinia Kitundu, mama mfupi asiyecheka. Ananikabidhi furushi la tepe nyekundu, kila mmoja umeandikwa: ONDOA KABLA YA KURUKA.

"Kazi yako hii, dogo. Kila kifuniko na kila pini isiyotakiwa kwenda juu, funga utepe. Kabla ya kurusha unaondoa vyote. Ukisahau hata kimoja, roketi hairuki na wewe umefeli. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Injinia."

Nikafunga pini zote, tepe zikabaki nyingi. Na mimi mnanijua. Mmoja nikaufunga kwenye chupa ya chai. Mwingine kwenye kiti cha Injinia. Mwingine kwenye kofia ya mlinzi, Mzee Mpondo, aliyekuwa amesinzia getini. Halafu suruali yangu ilikuwa inashuka na mkanda sina, kwa hiyo mmoja nikaufanya mkanda.

Mara tuko uwanja wa mpira. Roketi imesimama katikati, kwenye duara la kuanzia mechi. Jukwaani amekaa baba na kwaya nzima, wamevaa sare za zambarau.

"Hujaniamkia," roketi inasema.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Samahani, kwani una umri gani?"

"Wiki tatu. Lakini niangalie urefu."

Naanza kuchomoa pini, moja baada ya nyingine. Namaliza, najipangusa mikono.

"Na chai je?" inauliza spana, imejilaza juu ya sanduku la vifaa.

"Chai ilikuwa utani tu."

"Chenye utepe kinaondolewa. Utani uliuandika wapi?"

Chupa ya chai inasimama, inatuaga kwa adabu, inatoka kwa mlango wa wachezaji. Kiti cha Injinia kinaifuata, naye Injinia amekikalia. Kinampeleka hadi nyuma ya goli, kinagoma kumrudisha. Kuanzia hapo anatoa amri kwa kupiga kelele.

Mzee Mpondo anashtuka usingizini, kofia inamvuta kuelekea barabarani.

"Nani kanifunga huu mdudu?"

"Sijui, mzee wangu."

"Mwambieni mke wangu niko Manyoni!" anapaza sauti, na kweli anaelekea Manyoni.

Spana inaanza kuhesabu kurudi nyuma. Nne, tatu, mbili. Mbili. Mbili. Mbili.

"Mbona umekwama?" nauliza.

"Bado utepe mmoja," roketi inajibu. "Nausikia unapepea."

Nauona mwaka wa tatu ukinisogelea. Naangalia mabawa, hakuna kitu. Nainama kuchungulia chini ya roketi, najikuta chini ya meza jikoni kwetu, mama anamenya viazi. "Huku haupo," ananiambia bila kuniangalia. Natokea upande wa pili, niko uwanjani tena.

Kwaya inasimama. Sauti ya kwanza wanaimba, "Uko kiunoni." Sauti ya pili wanaitikia, "Kiunoni mwake." Besi wananinyooshea vidole.

"Una njia mbili," spana inasema. "Uondoe utepe, au uondolewe wewe."

"Nikiuondoa suruali inashuka."

"Hiyo ni sayansi," roketi inasema.

"Mbele ya kwaya?"

"Mbele ya kwaya."

Naita, "Baba!"

Baba anasimama jukwaani, anavua kofia. "Yesaya mwanangu, ndani umevaa nini?"

"Bukta."

"Safi?"

"Safi kiasi."

Anafikiri. Anawatazama wanakwaya, ananitazama mimi. "Basi fungua. Nimeshawaambia watu."

Nikavuta fundo.

"Moja," spana ikasema.

Roketi ikaondoka, uwanja mzima ukanukia chapati. Suruali haikuanguka. Ilibaki imesimama wima uwanjani, kama inanisubiri. Mimi ndiye niliyetoka ndani yake kwenda juu.

"Na wewe unakwenda wapi?" roketi ikaniuliza tulipopishana.

"Sijui. Nilikuwa na utepe."

"Kumbe. Ulikuwa unazuiwa na huo tu."

Huko chini Injinia Kitundu alikuwa anapunga mikono nyuma ya goli. "Umefaulu, dogo! Shuka usaini!"

"Nashukaje, Injinia?"

"Hilo tunafundisha wiki ijayo!"

Nikaamka. Chumba ni changu, chandarua ni changu, kuku wa jirani wanagombana kama kawaida. Nikacheka peke yangu, nikashuka kitandani, nikavaa ndala. Nikajishika kiunoni. Bukta ninayolalia ilikatika kamba zamani, huwa naikunja tu. Sasa ilikuwa na utepe mwekundu, umefungwa vizuri kwa fundo la mtu asiyecheka.

Nikaulegeza kidogo, kujaribu tu. Ndala zikabaki sakafuni.

"Yesaya!" baba akagonga mlango. "Umeamka? Utachelewa kuripoti!"

"Nimeamka, baba. Nashuka sasa hivi."

Nyumba yetu haina ghorofa.