Neno Alilolisahihisha Mwalimu Felicitas

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu Felicitas alifundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi kule Pasiansi, na kwa miaka yote hiyo hakumwachia mtu kosa la matamshi. Alikuja kutoka Kagera akiwa binti, akachekwa chuoni kwa namna alivyoongea, akajinyoosha ulimi mpaka ukanyooka. Tangu hapo aliamini kuwa anayeongea ovyo anafikiri ovyo. Hakuona kwamba hiyo ni dharau. Yeye aliiita nidhamu.

Mwezi wa Machi, kwenye mkutano wa wazazi, alisimama mzee Machibya, fundi ujenzi, aliyekuwa na mjukuu darasa la tano. Alivua kofia kwanza.

"Walimu, nimeuangalia ule ukuta wa vyoo vya wasichana. Kwa kweli ni hatali."

"Hatari," Felicitas akamkatiza kutoka meza ya mbele. "Si hatali, mzee. Hatari."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu naye akatabasamu. Machibya alisubiri kicheko kipungue, akafungua mdomo, akawatazama wazazi wenzake waliokuwa bado wanafuta machozi, halafu akaketi. Mkutano ukahamia kwenye habari za sare.

Wiki tatu baadaye mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Jumatano, saa ya mapumziko, ukuta ule ukaanguka. Rose wa darasa la tatu alikuwa ananawa mikono kando yake, na matofali yakamvunja mguu mahali pawili. Felicitas ndiye aliyefika wa kwanza. Aliyaondoa matofali kwa mikono yake, na katikati ya vilio ndipo sauti ya Machibya ilipomrudia kichwani.

Watu waliilaumu mvua. Mwalimu mkuu aliandika kwenye taarifa kwamba hapakuwa na dalili yoyote. Felicitas aliisoma taarifa hiyo, akanyamaza siku nne. Siku ya tano akaenda kwa Machibya, akamkuta anakoroga zege.

"Shikamoo, mzee."

Mzee aliitikia kwa kuinua mkono.

"Siku ile ulitaka kusema nini?"

Mzee aliegemea koleo. "Msingi ulikuwa umeliwa na maji. Nilitaka kujitolea kuujenga upya. Mawe ninayo."

"Mbona hukuendelea?"

"Mimi ni mtu mzima, mwalimu. Watu walikuwa wanacheka."

Aliongea polepole mno, akisita kabla ya kila neno, na Felicitas akatambua kwamba mzee anayakwepa maneno yenye herufi ile ya r mbele yake.

"Nisamehe, mzee."

"Sina kesi na wewe. Aliyeumia ni mtoto wa watu. Mama yake unamjua."

Felicitas alimkuta Rebeka, mama yake Rose, hospitalini, anamlisha mtoto uji. Rebeka akainuka upesi kumpisha kiti.

"Asante, mwalimu. Wameniambia wewe ndiye uliyemtoa."

Felicitas hakukaa. Alimweleza yote, mkutano, ukuta, na ile taarifa aliyoiacha ipite. Alitamani kujitetea, lakini hakujitetea.

"Kwa hiyo mliambiwa," alisema Rebeka, kijiko bado mkononi.

"Tuliambiwa."

"Mkacheka."

"Mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyewachekesha."

Rebeka akamgeukia mtoto wake na kuendelea kumlisha. Hakumkaribisha tena kiti.

Kesho yake Felicitas aliandika maelezo yake mwenyewe, akaweka sahihi, akayapeleka ofisi ya elimu. Mwalimu mkuu akamwambia ameichafua shule, na tangu siku hiyo hakumsalimia. Ukuta ulijengwa upya. Machibya ndiye aliyeujenga.

Rose alirudi shuleni Agosti, anachechemea. Mama yake hakuwa amemficha kitu kuhusu ukuta ule. Kila asubuhi Rose alimwamkia Mwalimu Felicitas kwa adabu, macho yake yakitazama pembeni, na Felicitas aliitikia kwa sauti ndogo na kumpisha njia.