Aliyekunja Kona

Jumamosi hiyo binti wa fundi cherehani aliingia maktaba, akamwamkia mlinzi, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya ramani kuukuu ambazo hakuna aliyezigusa. Akapenyeza mkono nyuma ya ramani hizo. Kitabu kilikuwepo. Lakini jamani, kona ya ukurasa ilikuwa imekunjwa! Yeye hakunji kona hata siku moja. Huweka njiti ya kiberiti, na njiti ilikuwa palepale alipoiacha, sura nzima nyuma.

Kadi ya kuazimia hakuwa nayo, maana mama yake alikataa kutia saini. "Hadithi ni za watu wasio na kazi," alisema, miguu haikutoka kwenye cherehani. Basi mtoto alisomea hukohuko, na akiondoka anakificha kitabu kisije kikaazimwa na mwingine. Na mkutubi, waliyemwita Miwani, alishatangaza: atakayekamatwa anaficha vitabu asikanyage tena humu. Sasa kuna mtu anajua. Akifungua mdomo tu, kwisha habari ya binti, na hakuna mahali alipopapenda kama pale.

Akaanza kuwachunguza watu. Mlinzi alipiga miayo mno. Usiku hulali, unafanya nini kama si kusoma? Miwani naye alimtazama akatabasamu. Tabasamu la nini? Wiki iliyofuata kona nyingine ilikunjwa, mbele zaidi. Mtu huyo anasoma mbio, tena hana haya!

Alirudi nyumbani amenuna. Mama akamwagiza mkasi, yeye akamkodolea macho.

"We! Usinitazame kama yule mpishi aliyemtilia daktari sumu!"

Cherehani ikanyamaza.

Kitabuni mtoto alikuwa amefikia pale daktari ndiyo kwanza anaanguka mezani, na kila mtu anamshuku dereva.

"Mama! Kumbe ni mpishi?"

"Mpishi gani?" Mama akainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka.

"Ni wewe unayekunja kurasa!"

Mama akainuka. "Nilikufuata," akasema. "Nilidhani una mvulana huko. Nikakukuta umekumbatia kitabu, unacheka peke yako. Nikasema ngoja nione kina nini. Sasa kila nikipeleka nguo za wateja napitia." Akajifuta uso. "Lete hiyo fomu ya kadi nitie saini. Na baba yako asijue."

Mtoto akalia kwa hasira, hadithi imeharibiwa, na kwa furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

Siku hizi mama haoni tena. Binti, naye ana mvi, ndiye anayemsomea, na kila akitokea wa kushukiwa mama hudakia, "Mpishi huyo!" hata kama kitabu hakina mpishi. Wakichoka, binti huweka njiti yake. Mama hunyoosha mkono, akapapasa ukurasa, akakunja kona.