Chujio la Juu ya Jiko

Tone la kwanza lilipoangukia bamba la jiko na kulia chwaa, Nyamizi alijifanya hakusikia. La pili likatua kwenye ukingo wa sufuria ya supu. Hapo akainua macho, akaona jambo alilokuwa akiliogopa tangu Jumatatu: chujio lilikuwa limejaa.

Lilikuwa wavu wa waya, umepachikwa ndani ya kofia kubwa ya bati, pale moshi wa kukaangia unapopita kwenda kwenye bomba. Kazi yake kunasa mafuta. Lakini hili lilikuwa limenasa mpaka limeshiba. Mafuta yalikuwa yameganda meusi kama lami, tundu hata moja halionekani, na sasa jiko lilivyozidi kupata moto yalikuwa yanalegea na kudondoka.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, katika bwalo la mafundi wa mgodi, Geita. Saa saba bwana afya angepita. Mwezi uliopita aliingiza kidole ndani ya kofia ile, akakitoa cheusi, akamwambia mpishi mbele ya watu wote: "Maganga, nikikuta hivi tena, utafunga mizigo yako uende kwenu."

Na Maganga huyo ndiye aliyekuwa baba mkwe wa Nyamizi.

Laiti angekuwa mpishi mwingine! Kwao, mke wa mwana hasemi na baba mkwe ana kwa ana. Hamtaji jina, hapiti mbele yake, wala hathubutu kusimama mahali palipo juu ya kichwa chake. Nyumbani si kazi ngumu, maana nyumbani pana ua na pana mama mkwe. Lakini mwosha vyombo alipotoroka kwenda kujichimbia dhahabu yake porini, Maganga alimleta mke wa mwanawe Donatus ashike kazi mpaka apatikane mtu. Wiki ya tatu sasa walikuwa wakifanya kazi katika chumba kimoja, wamepeana migongo. Likiwapo la kusema, lilipitia kwa Januari, mtumishi wa mezani, Mngoni mwenye kanzu nyeupe na mdomo usiojua kupumzika.

"Kaka Januari," Nyamizi alinong'ona, "mwambie baba chujio linadondosha."

Januari akamtazama Maganga, aliyekuwa akikata vitunguu hatua tatu tu kutoka pale.

"Mzee Maganga! Una barua hapa, imetoka mbali kweli. Imepanda meli, imepanda gari moshi. Inasema chujio linadondosha."

"Mwambie nimeliona," alisema Maganga bila kugeuka.

"Ameliona, shemeji. Ninyi Wasukuma mtaniua! Siku nyumba ikishika moto mtatafuta kwanza tarishi."

"Punguza maneno, mtani. Panda wewe ulitoe."

"Mimi, na kanzu hii? Doa moja tu na mimi naondoka kabla yako." Akabeba sinia la vijiko, akaenda zake kuandaa meza.

Mlango ukajifunga. Wakabaki wawili.

Nyamizi akasikia kigoda kinaburutwa. Alitazama kwa pembe ya jicho. Maganga alikuwa amekisogeza mpaka kwenye jiko, amevua viatu, anapandisha mguu. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu masika. Hata ngazi mbili za stoo alizishuka akishika ukuta. Akaguna, akashuka. Akajaribu tena. Mbele yake bamba la chuma lilikuwa la moto, na juu yake birika kubwa la maji yanayotokota.

Nyamizi alisugua sahani moja ileile mara tatu. Akianguka huyu, ataangukia chuma. Nami nitasema nilikuwa wapi? Lakini nikipanda, nguo yangu itakuwa juu ya kichwa chake. Mama mkwe akisikia? Wanawake wa kisimani wakisikia?

Mara ya tatu kigoda kikayumba. Maganga akadaka ukingo wa jiko kwa kiganja kitupu, akatoa mlio wa mtu aliyeungua.

"Baba, shuka! Nitapanda mimi."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Nyamizi alisimama na sahani mkononi, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, akingoja kufukuzwa.

Maganga hakumtazama. Alikaa akikipuliza kiganja chake. Kisha akavuta kuni zinazowaka, akazitoa nje kwa koleo. Akaondoa birika, akatandika gunia lililoloweshwa juu ya bamba. Alipomaliza, akashika miguu ya kigoda kwa mikono miwili, akageuza uso ukutani na kufumba macho kabisa.

Nyamizi akaifunga kanga yake kwa nguvu, akapanda. Kigoda kikayumba, lakini mikono ya chini ikakishikilia. Chujio lilikuwa limeng'ang'ania. Alichokonoa pembe zake kwa kisu, mafuta yakimdondokea kwenye paji la uso, mpaka likabanduka kwa ghafla nusura limwangushe. Akaliteremsha. Maganga akalipokea juu ya bega lake, macho yamefumbwa vilevile.

Nje, kwenye karai, Nyamizi alilimwagia maji ya moto yenye majivu na magadi. Maji yakawa meusi, chujio likabaki jeusi. Akamwaga, akaweka mengine, akaongeza magadi, akasugua kwa gunzi. Pale gunzi lisipofika aliingiza njiti ya ufagio, tundu moja baada ya jingine. Matundu yalikuwa mamia. King'ora cha saa sita kikalia akiwa bado nusu. Mikono ilimwasha kama imepakwa pilipili, naye hakuthubutu kuisuuza asije akapoteza muda.

Ilipobaki robo saa, mwanga wa jua ukapenya kwenye wavu. Alilikung'uta, akalikausha juu ya makaa, akaingia nalo mbio. Kigoda kilikuwa kimeshawekwa, na Maganga ameshakishika, uso ukutani. Akapanda, akalipachika mahali pake.

Bwana afya aliingia saa saba kamili, Januari nyuma yake. Hakusalimu. Aliingiza kidole ndani ya kofia, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Akaingiza kingine, mbali zaidi. Akavifuta vyote kwa leso nyeupe, akaitazama leso ile kwa muda mrefu. Penye pembe palikuwa na alama ya kahawia, ndogo kama punje ya mtama. Nyamizi aliiona.

"Nani amesafisha?"

Maganga akajibu: "Mke wa mwanangu, bwana."

"Haya." Akakunja leso, akaitia mfukoni. "Maganga, nyama iwe mezani saa saba na nusu. Na Jumamosi ijayo nitatazama ndani ya bomba."

Akatoka. Januari akamfuata.

Maganga aliegemea meza, akavuta pumzi ndefu. Kisha akasema, taratibu, akiutazama ukuta:

"Mwanangu, paka samli mikono yako."

"Ndiyo, baba."

Kopo la samli lilikuwa rafuni. Nyamizi alilichukua, lakini vidole vilikuwa vimevimba na kifuniko kilikataa. Alijaribu kwa meno. Maganga akanyoosha mkono wake usioungua, akalichukua, akalifungua, akaliweka katikati ya meza. Halafu akarudi kwenye nyama yake.