Sahihi ya Jirani wa Kerege

Mpima alikwishapima, bikoni za mipaka zikakaa pembe zote, na nyumba ya Kerege aliyokuwa akiinunua Zaina ikabaki kuwa yake kwa maneno tu. Kila akimpigia simu Najim, dalali, jibu ni lile lile: jirani wa upande wa kusini amegoma kusaini mipaka, vuta subira. Subira! Mama yake, Bi Raya, alikuwa anavuta pumzi kwa taabu kwenye chumba cha kupanga Bagamoyo mjini, na ombi lake lilikuwa moja. "Mwanangu, jeneza langu lisitoke kwenye mlango wa mtu."

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Idi wakailia chumbani mle mle, mwenye nyumba akiwachungulia, roho juu, asije akaletewa matanga uani kwake. Zaina akachoka. Akamnyang'anya Najim karatasi ya kusainia mipaka, akajifunga kibwebwe, akaenda Kerege kumtolea uvivu huyo jirani.

Alibisha hodi kama anayebomoa mlango. Sauti ya kike ikamkaribisha. Ndani alimkuta mama mmoja, Bi Mardhiya, kajitanda nguo nyeupe, hana hina wala wanja. Hasira ikamshuka. Masikini, mtu yuko eda ya mumewe!

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Kumbe mnunuzi ni wewe? Mbona wananiletea wanaume tu, dalali na mpima wake? Nitawatokeaje, nami eda yangu haijaisha? Nikawaambia kwa ndani, mpeni mwanamke yeyote karatasi aniletee, nisaini. Wakacheka, wakaenda zao."

"Hawakuniambia."

"Basi lete kalamu."

Akasaini. Kufumba na kufumbua, kwisha.

Zaina alitoka, moja kwa moja hadi kijiweni kwa Najim. "Ulijua! Ulijua yule mama yuko eda, ukaniambia amegoma!"

"Aa, dada, mambo ya mipaka ni ya wanaume, nikaona..."

"Ukaona nini? Mwanaume mzima umeshindwa kumpa mwanamke karatasi avuke nayo mlango! Mpigie huyo anayeniuzia nyumba sasa hivi, nasimama hapa hapa."

Kesho yake waliandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na jioni Bi Raya akahamia kwake. Akachagua chumba chenye dirisha la mashariki, akaagiza pazia la kijani. Ijumaa mbili tu alizikuta humo. Pazia liko kwa fundi, yeye akafariki, na jeneza likatoka kwenye mlango wake mwenyewe.

Najim naye akaja matangani, kanzu imepigwa pasi, mkono kaunyoosha.

"Pole, dada. Kazi ya Mungu haina makosa."

Zaina hakuupokea ule mkono.

"Ya Mungu haina," alisema. "Wewe ndiye uliyemnyima mama yangu miezi ya kukaa kwake. Toka kwenye mlango wake."