Mtani Halii

Usingizi unamkuta Gaudensia Kihwele kwenye kiti cha plastiki, wodi ya wanaume, mchana kweupe, mvua inapiga bati mpaka wagonjwa wanaongea kwa ishara. Hakupanga kulala. Nani apange kulala wakati mtu anayempenda amelala siku zote hizi bila kufumbua jicho? Huyo kitandani ni Egno Gama, anayesoma naye kidato cha sita. Egno ni Mngoni wa Songea, Gaudensia ni Mhehe wa Ilula, na kwa desturi hao ni watani, basi wametukanana tangu siku ya kwanza ya shule, huyu akimwita mwenzake mla panya, yule akimjibu mla mbwa, mpaka walimu wakazoea. Egno alianguka kutoka juu ya tangi la maji la shule. Ni huko tu simu inakoshika mtandao, na simu zenyewe ni marufuku, kwa hiyo atakayepanda ana lake jambo. Alikuwa anampigia nani kwenye utelezi ule? Hakuna ajuaye. Wenye midomo wanasema msichana wa Njombe, na Gaudensia amelimeza hilo kama kidonge kisicho na maji. Wajomba wa Egno wako koridoni, wameanza kunong'ona habari za gari la kwenda Songea, na mtu mzima haulizi ni gari la namna gani. Gaudensia anainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, apumzishe shingo tu, na ukingo wa kitanda unakuwa ukingo wa barabara.

Barabara ni nyekundu, imenyooka, misunobari huku na misunobari huko, na mvua hakuna. Anatembea. Akisimama, barabara yenyewe inamtembeza, miti inarudi nyuma, basi anaona heri atembee kwa miguu yake. Mbele kule watu wanne wamebeba machela, na kwenye machela, chini ya shuka la hospitali, anauona ule mguu wenye bandeji, mguu wa Egno. Anaita. Wabebaji wanageuka na hawana nyuso, si macho, si pua, si mdomo, ngozi tupu kama kiazi kilichomenywa, kisha wanageukia mbele na kuendelea. Anakimbia na umbali haupungui. Anapunguza mwendo na umbali hauongezeki. Hapo anasikia mtu anatembea sambamba naye, mama mmoja wa makamo, kajifunga kitenge vizuri, ndala miguuni, naye uso hana. Shikamoo mama, anasema Gaudensia, maana adabu haina likizo. Marahaba, inajibu ile ngozi. Wale wanampeleka wapi mwenzangu? Wanampeleka kumzika, anasema mama, kaburi limeshachimbwa, wanasubiri afike tu. Hajafa, anasema Gaudensia. Mama anasema, huku hatuulizi nani kafa, tunauliza nani kaja kumchukua.

Mbele yao kuna baba mmoja kambeba kuku kwapani, anahema, naye anakimbilia machela yake mwenyewe iliyo mbali zaidi. Mama asiye na uso anamfikia, anamwambia, Kitendawili. Tega, anasema yule baba. Ninaye ng'ombe mweupe, asubuhi amejaa bonde zima, jua likipanda simwoni alikokwenda. Ukungu, anajibu baba wa watu, kwa furaha kabisa, na hapohapo hayupo. Kuku peke yake ndiye anabaki barabarani, anadonoa. Amekwenda wapi? anauliza Gaudensia. Amerudi alikotoka, anasema mama, ameamka, na mtu wake wa kwenye machela amebaki huku. Ajibuye hurudi. Ashindwaye hutoa mji, na njia inasonga mbele. Mji wowote? Mji uliowahi kulala ndani yake, maana mji ambao hujalala si wako, huwezi kumgawia mtu.

Sasa nawaambia, mtoto aliyelelewa akisikia neno Kitendawili, mdomo wenyewe unasema Tega kabla akili haijafika. Ndivyo inavyomtokea Gaudensia, bingwa wa vitendawili tangu darasa la pili, mtoto aliyekuwa anawanyang'anya wenzake miji mpaka wanalia. Kitendawili, anasema mama. Tega, anasema yeye, na papo hapo anajuta. Mama yangu nampiga kila siku na kosa hana, siku nisipompiga watoto wangu wanalia. Kinu. Jibu linafika mbio, limekaa kwenye ncha ya ulimi, kinu, kinu, nani asiyekijua kinu, na Gaudensia anauma ulimi mpaka anaonja damu. Sijui, anasema. Haijawahi kumtoka hiyo. Nipe mji, anasema mama. Nimekupa Makambako. Huko anakaa shangazi yake, alilala huko likizo moja, kwenye duka la vipuri, akisikia malori usiku kucha. Mama anasema, nimekwenda Makambako, nimekula, nimekunywa, nimeshiba. Na Makambako inatokea pande mbili za barabara, nzima, lakini kila duka limetazamana na duka lile lile, kila mlango na mlango wake, kama mji umekaa mbele ya kioo, na mbele ya kila mlango amesimama Gaudensia mwingine anayemkodolea macho. Anapita katikati yao akiwa amejikunyata. Akigeuka nyuma anaona misunobari tu. Anajaribu kulikumbuka jina la shangazi na halipo, sura haipo, imebaki harufu ya mafuta ya gari.

Machela imesogea. Sasa anaona hata vidole vya mguu. Kitendawili, anasema mama, na mdomo wa Gaudensia unamsaliti tena, Tega. Ananifuata kwenye jua kama mchumba, nikiingia gizani ananikana. Kivuli. Anajua, na mama anajua kwamba anajua, ile ngozi tupu inamtazama bila macho na kungoja. Angesema tu, kivuli, angejikuta kwenye kiti cha plastiki, salama, shingo inauma, na Egno akabebwa. Sijui, anasema. Nipe mji. Nimekupa Iringa, ambako dada yake aliolewa, wakalala wasichana kumi na kitu kwenye chumba kimoja wakicheka mpaka kukakucha. Iringa nayo inatokea, milima huku na milima ile ile huku, kanisa kwa kanisa, soko kwa soko, inaliwa, inaisha. Gaudensia anajua alikuwa na dada, kwa sababu mama yake hununua nguo mbili mbili, lakini amejaribu kumwona na anaona gauni tupu. Anaogopa kwelikweli sasa.

Kisha barabara inamwaga watu wote kwenye uwanja, na kaburi ni hilo, udongo mwekundu umerundikwa, waombolezaji wasio na nyuso wamesimama na majembe. Machela imewekwa chini. Gaudensia hafikirii mara mbili. Anapita katikati yao, anawasukuma, anaruka ndani ya kaburi na kujilaza chali, mikono chini ya kichwa, miguu kaikunja nne. Mimi Mhehe, anasema kwa sauti, huyu Mngoni ni mtani wangu, na hazikwi mtu hapa mpaka nimeridhika. Majembe yanashuka. Ndiyo, hata huko wanajua. Mtani akilala kaburini haguswi, hata awe mtoto, hata marehemu awe chifu, utambembeleza mpaka atoke kwa hiari yake. Yule mama anachungulia kutoka juu. Haki yako tunaijua, anasema. Ila na wewe unaijua haki yetu. Mtani hacheki tu, mtani halii. Likidondoka chozi moja umekuwa mfiwa, na mfiwa hazuii jembe.

Ndipo Egno anafumbua macho. Kichwa chake kiko ukingoni mwa kaburi, midomo imepasuka kwa kiu, na anamwona Gaudensia chini. Wewe mla mbwa, anasema taratibu, hata kaburi langu umelitaka? Nimelipima, anajibu Gaudensia, ni fupi, walikupima na panya wako au peke yako? Ngozi tupu zinatikisika, huko ndiko kucheka kwao. Egno anajaribu kucheka na kifua hakimruhusu. Gaude, anasema, na hajawahi kumwita hivyo, nilikuwa nampigia bibi. Bibi yupi? Bibi yangu wa Songea. Nilitaka kumwuliza, mtu akimpenda mtani wake anamwambiaje. Kila nikikwambia unacheka. Nilikwambia pale bwaloni ukacheka, nikakwambia siku ya michezo ukanirushia ganda la ndizi. Nikasema bibi ni mtu mzima, atajua neno ambalo mtani hawezi kulicheka.

Jamani. Macho ya Gaudensia yanajaa, yule msichana wa Njombe anayeyuka, na machozi yamefika kwenye kope yamesimama. Juu yake jembe moja linainuliwa. Linainuliwa la pili. Punje za udongo zinamwangukia kifuani. Anayafumbua macho wazi kabisa yasipepese, na anatafuta tusi, tusi lolote, anatafuta kama mtu anayetafuta ufunguo huku nyumba inaungua. Ndiyo maana umeanguka, anasema, na sauti inamtetemeka lakini inatoka. Wangoni mnajiita mashujaa wa vita, kumbe kumwambia msichana neno moja mpaka mpande tangi, mpige simu, mwombe msaada kwa kikongwe. Ungeniambia mara ya tatu, mjinga wewe. Ya tatu nisingecheka. Waombolezaji wanatikisika tena, wanatikisika sana, na majembe yanashuka. Chozi limerudi lilikotoka.

Mtani, nini kitakuridhisha, anauliza mama. Namtaka mwenyewe, anasema Gaudensia, mzima, na pumzi zake. Mama anasema, Kitendawili. Hata sasa, hata ndani ya kaburi, Tega inamtoka. Ninaye mgeni wangu, nikimwita haji, nisipomwita ananiangusha chini na kunivua silaha. Usingizi. Linamjia polepole safari hii, na linapomjia anaelewa limetegwa wapi, kwa maana atakayelitaja hapa ataamka peke yake, na kaburi litabaki na Egno. Sijui, anasema. Nipe mji, anasema mama, na ninakuonya, huu ni wa mtu mzima kwa mtu mzima, nitakula nimalize. Miji aliyolala Gaudensia imebaki miwili tu, maana shule iko porini na pori si mji. Upo Ilula, na Ilula ndiko aliko mama yake, kwenye kibanda cha nyanya, kalowa miguu, anamwombea mtoto asiyemzaa apone. Na upo huu mji wenye hospitali, alikolala sasa hivi, ambako mwili wake umeinamia kitanda na mwili wa Egno uko juu ya kitanda hicho. Akiutoa huu, watarudi wapi? Anamtazama Egno. Egno anatikisa kichwa, usitoe, anasema, toka Gaude, nenda zako. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hatanii. Mama yangu siwezi kumgawa, anasema Gaudensia. Nimekupa mji nilipolala. Mama asiye na uso anainama, anachukua jina la mji huo kutoka mdomoni mwake kama mtu anayemtolea mtoto mfupa wa samaki. Nimekwenda, anasema, nimekula, nimeshiba. Kisha anawapa mkono wote wawili.

Umelala mdomo wazi, inasema sauti inayokwaruza, nzi wa wodi nzima wanakujua meno. Gaudensia anainua kichwa. Egno amefumbua macho. Ni mwekundu wa macho, ni mkavu wa midomo, lakini anamtazama, na kona ya mdomo wake imepanda ule upande wake wa uchokozi. Muuguzi anakuja mbio, wajomba wanaingia kwa fujo, mmoja anapiga magoti pale pale kwenye sakafu, mwingine anapiga simu Songea na kushindwa kuongea. Sasa Gaudensia analia. Analia yote, kamasi na machozi, hakuna wa kumzuia. Watu wakishatawanyika anamsogelea na kumwambia, ulikuwa unampigia bibi yako. Egno anashtuka. Nani kakwambia? anauliza, sikumwambia mtu. Umeniambia mwenyewe, anasema Gaudensia, na mimi nimesema ndiyo. Egno anamtazama usoni kwa muda mrefu, anatafuta kicheko, hakioni, na masikio yake yanapata rangi.

Mvua imekatika. Gaudensia anasimama dirishani anyooshe mgongo. Nje kuna barabara, watu wanatembea, mtu anasukuma baiskeli yenye matenga, mbali kuna kilima. Ni pazuri. Anataka kumpigia mama yake simu, amwambie Egno ameamka, tuko hapa, na anatafuta jina la hapa. Ulimi unakwenda mahali pake na kukuta pengo laini, kama palipong'olewa jino zamani. Anatazama kilima, hakijui. Anajaribu kukumbuka walipita njia gani kuja, basi lilisimama wapi, na anakuta shule upande huu na wodi upande ule, katikati hakuna kitu. Egno, anasema bila kugeuka, tuko mji gani? Egno anaanza kucheka, kifua kinamuuma lakini anacheka. Haya, umeanza, anasema. Sitanii, anasema Gaudensia, niambie, huu ni mji gani? Mzee wa kitanda cha pili anawasikia, naye anacheka, anamwambia muuguzi, wasikie hao, Mhehe na Mngoni, mmoja hajanywa hata uji na mwenzake keshamwanza, na muuguzi naye anacheka akiwa amewapa mgongo, anapanga dawa kwenye sinia. Gaudensia anangoja ageuke. Kisha anaona heri asingoje. Anarudi kwenye kiti, anaushika mkono wa Egno, una joto, vidole vinamshika na vyenyewe, na hatamuuliza tena.