Mitiki ya Mama Upindo

Matofali yalifika kabla mwenye pesa hajaulizwa. Lori zima lilishushwa asubuhi mbele ya nyumba ya kaka yake, yakapangwa mpaka chini ya dirisha la sebule, na watoto wa jirani wakaanza kuyapanda na kuruka. Kaka mtu alisimama barazani, mikono kiunoni, akitazama vyumba vya kupangisha ambavyo bado vilikuwa kichwani mwake tu. Pesa za kuvijenga zilikuwa benki kwa jina la mdogo wake wa kike, na huyo mdogo wake alikuwa hajaambiwa kitu.

Tusimwonee. Kaka hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyezoea, na mazoea yana taabu. Tangu lini dada yake akakataa?

Dada mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Karibu maisha yake yote alishona sare za shule, na wanafunzi ndio waliompa jina la Mama Upindo, kwa sababu kila gauni na kila suruali iliyotoka kwake ilikuwa na upindo mpana kama kiganja. Mtoto akirefuka, mama yake anafumua kidogo, sare inaendelea. Wazazi wenye haraka walinung'unika kwamba kitambaa kinafichwa bure huko ndani. Aliwajibu kwamba hajawahi kuona mtoto anayekua kurudi chini, na kama wanataka sare ya mwezi mmoja waende kwa fundi wa jirani.

Mumewe alifariki mapema, na mtoto hawakubahatika kupata. Basi ukoo ukaamua, bila kikao, kwamba pesa zake ni kisima: mwenye ndoo na achote. Ada za wapwa, matairi ya gari la mpwa, bati za nyumba ya kaka, vyote vilitoka kwenye cherehani zake. Macho yalipoanza kukataa tundu la sindano, aliuza karakana pamoja na mashine zote. Ndugu walikuja kumpongeza kwa sauti ya watu waliosikia harufu ya nyama jikoni.

Wazo la miti alipewa na mwuza mbao aliyekuwa na duka ng'ambo ya barabara, mtu mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Siku ya kukabidhi funguo za karakana, Mama Upindo alimwuliza mtu aweke wapi pesa ili zisiishie mikononi mwa watu.

"Nunua miti," alisema mwuza mbao. "Mti haukopesheki. Hakuna ndugu atakayekuja kukuomba robo ya mti mpaka mwisho wa mwezi."

Alisema kwa utani. Mama Upindo hakucheka, akaondoka na neno lile.

Wakaenda wote wawili kuona shamba la mitiki lililokuwa likiuzwa, nje ya mji, juu ya mteremko. Mwenye shamba alikuwa dereva mstaafu wa malori, aliyeipanda miti ile kwa mkono wake miaka saba nyuma. Hakuwa na mengi ya kuficha. Alisema goti ndilo linalouza, siyo yeye. Kupanda anaweza, kushuka ndiyo kazi. Miti ilisimama kwa mistari, imenyooka, majani yake mapana yakikwaruzana juu kama karatasi.

Lakini kona ya chini ilikuwa imeungua. Mkulima wa jirani alikuwa na desturi ya kuchoma shamba kila kiangazi, na moto haujui mpaka. Halafu njia iliishia kwenye kijito chenye magogo mawili ya kuvukia. Mbuzi anapita, lori la mbao halipiti. Mwuza mbao alionyesha yote hayo bila kumpaka mafuta, kisha akamfundisha jinsi wanunuzi wanavyopima mti: siyo chini, siyo juu, usawa wa kifua cha mtu.

Hapo Mama Upindo alifungua mkoba akatoa futi yake ya kushonea, kitu pekee cha karakana ambacho hakukiuza. Akauzungushia mti mmoja kifuani, akasoma kwa kuibana miwani. Unene wake ulikuwa wa kifua cha mtoto anayejifunza kutembea.

"Utafika lini ukubwa wa kuuzwa?" aliuliza.

Mwuza mbao alijibu kwamba itachukua miaka kumi na mitano, pengine zaidi kidogo. Katikati atapunguza ile miembamba, auze nguzo, apate ya kupalilia. Lakini pesa yenyewe ni kule mwisho.

Alirudi nyumbani akiwa nusu ameshakataa. Sitamsingizia ujasiri ambao siku ile hakuwa nao: aliogopa. Alikuwa amepita sitini, na jicho moja lilishaanza kumwonyesha taa mbili mahali penye moja. Chumba cha kupangisha unakiona, unakifunga, unakigongea mlango tarehe moja. Mti unauombea mvua, halafu unauombea usiungue. Alilala akiwaza kijito, akaamka akiwaza moto, na alipoitwa kwa kaka yake kuja kuzungumza "mambo ya maendeleo" alikwenda akitamani mtu amsaidie kuwaza.

Akakuta matofali.

Aliyazunguka taratibu, akagusa moja, likamwachia unga mwekundu kidoleni. Hakuuliza ya nani wala yametoka wapi. Aliingia ndani, akakaa kwenye kiti walichomwekea katikati, kaka yake mbele, wapwa wawili watu wazima pembeni, wifi yake akiwa jikoni na mlango wazi.

Kaka alianza mbali, kwenye heshima ya ukoo, akaja mpaka kwenye vyumba, akamalizia kwenye uvumi wa msitu. Amesikia kwa watu, alisema, maana siku hizi dada yake habari zake mtu anazisikia barabarani. Mama Upindo alikiri kwamba ni kweli ameenda kuona. Akakaa vizuri. Alikuwa amejiandaa kuulizwa habari za moto, habari za njia, kama mipaka ina mawe na kama karatasi za shamba ni safi. Nusu ya majibu alikuwa hana, na hata hayo alitaka ayaseme kwa sauti ayasikie.

Hakuna aliyeuliza. Mpwa mkubwa alisema shangazi, kwa upendo kabisa, miti hiyo ikikomaa wewe utakuwa haupo. Mpwa mdogo akasema hilohilo, ila alilizungushia "Mungu apishe mbali" mbele na nyuma. Walimzika mara mbili kabla chai haijaletwa, na wote walikuwa na nyuso za watu wanaomtakia mema.

Kisha kaka akaweka msumari wa mwisho. "Mdogo wangu, mwenye watoto hupanda. Wewe unampandia nani?"

Neno lile Mama Upindo alishalisikia maishani mwake likisemwa chinichini, sokoni, misibani, nyuma ya mlango wa karakana. Kuambiwa usoni, na mtu ambaye watoto wake aliwasomesha yeye, ilikuwa mara ya kwanza. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na cha ajabu ilimtulizia mikono.

"Kaka, hiyo miaka kumi na mitano itapita," alisema. "Nikijenga vyumba itapita, nikipanda miti itapita, nikikaa hapa tukitazamana itapita. Nyinyi mmeshanihesabia siku zangu mpaka mkanunua matofali. Mimi bado sijazihesabu."

"Lori linafika?"

Aliyeuliza alikuwa wifi yake, mlangoni, na sinia la vikombe mkononi. Wote waligeuka. Mawifi hawa wawili walikuwa na ugomvi wa miaka thelathini, ulioanza kwa sufuria iliyoazimwa ikarudi bila mfuniko, na tangu hapo hakuna aliyemsamehe mwenzake. Mama Upindo alidhani anakejeliwa.

"Lori gani?"

"La mbao. Huko kwenye miti yako. Likija kubeba, linafika au linaishia njiani?"

"Linaishia kwenye kijito," alijibu.

"Basi mwenye shamba akuteremshie bei. Hasara ya daraja ni yake, usiibebe wewe." Akaweka sinia mezani. "Na mimi nataka kwenda kuona."

Mumewe alimwuliza anakwenda kuona kama nani. Wifi akasema anakwenda kama mtu mwenye macho, akaanza kumimina chai.

Walikwenda. Wifi alikuwa amekulia shambani kabla ya kuolewa mjini, na mteremko aliupanda akimwacha nyuma dereva mwenye goti na Mama Upindo mwenye miwani. Alifika kwenye kona iliyoungua, akachuchumaa, akaukwangua udongo kwa ukucha. Kisha akavuka mpaka, akaenda kumsalimu mkulima anayechoma moto. Wakaongea muda mrefu, wakacheka, na aliporudi alikuwa na mpango. Pembeni mwa miti, upande wa chini, wamwachie mkulima ukanda alime maharage bila kulipa. Mtu hawezi kuwasha moto kwenye maharage yake mwenyewe.

"Umejuaje atakubali?" aliuliza Mama Upindo.

"Nimeshakubaliana naye. Nilijua wewe utaanza kuwaza."

Dereva aliteremsha bei kwa ajili ya daraja, akilalamika mpaka mwisho. Njiani kurudi Mama Upindo akasema mfuniko wa sufuria ile bado anao. Wifi akamwambia alijua siku zote.

Siku ya kuandikishana, kaka alikuja na koti lake la misibani. Alisema yaliyopita yamepita, na mnunuzi mwanamke asiende ofisini bila mkubwa wa ukoo. Mama Upindo alifurahi, lazima niseme ukweli. Walikaa mbele ya karani kwenye ofisi ya ardhi, benchi moja, dereva upande mmoja na wao upande mwingine. Karani alipoinua kalamu na kuuliza jina la mnunuzi, kaka ndiye aliyejibu. Alitaja jina la mwanawe mkubwa.

Akaeleza kwa upole, kama mtu anayemshusha mgonjwa kitandani, kwamba ni kupunguza usumbufu wa baadaye. Dada yake umri umekwenda, mtoto hana, mambo ya mirathi yanachosha. Karani alitikisa kichwa kwa huruma. Kalamu ilishagusa karatasi.

Mama Upindo aliweka kiganja juu ya karatasi ile.

"Andika jina langu."

"Mdogo wangu, ni kwa faida yako. Kesho ukiwa..."

"Kesho nipo," alisema. "Siku nitakayokufa mtakuwa na muda wote wa kufuta na kuandika upya, na mimi sitawasumbua. Leo mnunuzi ni mzima na amekaa kwenye benchi hili. Uliniuliza nampandia nani. Najipandia mimi. Nimeshona sare za watoto wa watu mpaka macho yamekufa, hiki kimoja ni changu."

Alisema bila kupaza sauti, lakini hakuondoa mkono mpaka karani alipouliza jina lake kamili. Akalitaja polepole, herufi kwa herufi.

Karani akauliza shahidi wa upande wa mnunuzi. Kaka alikuwa akitazama dirishani. Wifi, aliyekuja na kukaa nyuma bila kualikwa, alipita katikati yao, akafuta kidole kwenye nguo yake, akachukua kalamu, akasaini kwa herufi kubwa za mtu asiyesaini mara kwa mara.

Kaka hakukanyaga mteremko ule mwaka mzima. Vyumba havikujengwa. Matofali yalinyeshewa, mengine yakamomonyoka, mengine Mama Upindo aliyanunua kwake kwa bei ya haki, yakavushwa kijito kwa mikokoteni na kujengewa kibanda cha kuwekea majembe. Mkulima alivuna maharage, na kiangazi kikapita bila moto kuvuka mpaka.

Alipokuja hatimaye, alikuja Jumapili, anahema, ameandamana na mkewe, bila kueleza ni kwa nini. Alikagua kibanda, akayatambua matofali yake. Kisha akasimama mbele ya mti ule uliopimwa siku ya kwanza, akautazama kuanzia chini.

"Huu utanenepa kufika kifua changu lini?" aliuliza. Hakuwa na kejeli.

"Inua mikono," alisema mdogo wake.

Kaka akainua, koti likiwa mwilini. Mama Upindo akampitishia futi kifuani kama mteja, akasoma kwa kuibana miwani, kisha akauzungushia mti futi ileile. Wifi, aliyekuwa akipalilia, alisimama kusikiliza.

"Bado sana," Mama Upindo alisema. "Lakini wewe, kaka, umeshaacha kukua. Huu ndio kwanza unaanza."

Akaikunja futi, akairudisha mkobani, wakaenda kumsaidia wifi mstari uliobaki.