Magoti ya Mwana Nuru

Asubuhi hiyo, kabla hata mtu wa maziwa hajapita, Safiya alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya saiba, duka la intaneti na kopi la mjomba wake Ali, hapo mjini Machakos, akilisha skana karatasi moja moja. Karatasi themanini na nne, za onyesho la mwisho. Kwa kila moja kulikuwa na mwanamke yule yule, buibui lile lile, macho makubwa kama visahani vya chai, ila mkono umesogea kidogo tu. Ukizipitisha haraka, mkono unainuka na kutupa ufunguo.

"Mama," Mjomba Ali akasema huku anafagia, "hiyo skana ikikufa utaizika wewe. Na huyu mama mbona macho hivyo? Ameona nini?"

"Ni anime, mjomba, katuni za Kijapani. Wanachorwanga hivyo."

"Wanachorwanga! Na mdomo mdogo kama tundu la sindano. Huyu atakula nini, uji wa mrija?"

Safiya akacheka. Kwa mjomba maneno yalikuwa yanatoka. Kwa watu wengine yalikwama kooni kama mwiba wa samaki, mpaka mwalimu mmoja aliwahi kuuliza darasani kama huyu msichana ni bubu.

Lakini mkono wake haukuwa bubu. Alikuwa ameona kwa simu vile Wajapani wanachukua hadithi za zamani, zao na za watu wengine, wanazichora upya. Malkia wa kitabu cha miaka mia mbili anavalishwa suti ya chuma, anapelekwa angani, na bado unalia pale pale watu wa zamani walipolia. Safiya akajiuliza, na zetu atachora nani? Akachukua riwaya ya Mwana Nuru, ile kila mtu wa Form Three shuleni kwao anasoma, ya zamani mpaka herufi zimefifia. Mwana Nuru ndiye anaweka ufunguo wa kisima cha mji wa pwani. Kiangazi kinakuja, anafungulia wageni na mifugo yao bila ruhusa, anashtakiwa. Ukurasa wa mwisho anapiga magoti mbele ya Mzee Jumbe, mwamuzi wa mji, analia, anasamehewa, anarudisha ufunguo.

Siku Safiya alimaliza huo ukurasa, alifunga kitabu kwa nguvu mpaka mamake akauliza nini imeanguka. Asamehewe nini? Kwa kupatia watu maji?

Kwa hivyo kwa anime yake alimtoa Mwana Nuru pwani, akampeleka Mwala, huko vijijini Machakos, kwa mto mkavu. Kisima kikawa shimo kwa mchanga, limezungushiwa seng'enge na kufuli. Na mwisho hakupiga magoti. Alitupa ufunguo mchangani, akaenda zake.

Saa ya lunch alikuwa ofisini kwa Mwalimu Ndambuki, mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa kilabu cha filamu. Filamu za shule zilikuwa zinafaa kufika kwa mashindano ya kaunti jioni hiyo, mwisho saa kumi na mbili, na ni yeye tu angeweza kuzituma. Mwalimu aliangalia dakika zote saba bila kupepesa macho. Sauti ya Mwana Nuru ilikuwa ya Syombua, rafiki ya Safiya. Mwalimu akacheka pale mbuzi anakula karatasi ya mashtaka. Safiya akaanza kupumua.

Halafu ufunguo ukatupwa, na uso wa mwalimu ukakunjika.

"Safiya, mkono uko nao. Sijawahi kuona kitu kama hii kwa hii shule, na niko hapa miaka kumi na tisa. Lakini umeniharibia Mwana Nuru."

Safiya akaangalia viatu vyake.

"Kumpeleka Mwala, sawa. Macho kama bundi, sawa, ni ya vijana. Lakini Mwana Nuru anapiga magoti! Ule ukurasa ndio riwaya. Majaji wanaujua kwa moyo. Wakikosa yale magoti watauliza, huyu mtoto alisoma kitabu ama aliambiwa?" Akafunga laptopu polepole. "Mimi mwenyewe nililia hapo nikiwa umri yako. Mpigishe magoti, niletee kabla saa kumi na mbili. Bila hayo, situmi."

Safiya alikuwa na jibu. Alikuwa nalo lote, refu, limepangwa. Akafungua mdomo.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Huko nje alijichukia mpaka masikio yakawa moto.

Syombua alimpata getini saa kumi. Syombua ni wa Mwala kabisa, anakaa mjini kwa shangazi yake kwa sababu ya shule, na hana shida ya mdomo.

"Ati nini? Apige magoti? Na wewe ukamwambia sawa? Wee Safiya!"

"Ilitoka tu."

"Twende kwa saiba, hata sitaki kukusikia. Nionyeshe."

Syombua alikuwa amerekodi sauti tu, picha hajawahi kuziona zikitembea. Akaketi mbele ya kompyuta ya kona, akaangalia akitafuna kidole. Ikafika pale wageni wanakunywa maji: wamesimama wima kwenye mstari, wanavuta ndoo kwa kamba. Syombua akalala kwa kibodi akicheka.

"Aki wewe ni mtoto wa mjini, wa maji ya mfereji! Kamba ya nini kwa mchanga? Ndoo ya nini?"

"Si ni kisima?"

"Kisima gani! Unachimba na mikono, mchanga unatoka, maji inajikusanya huko chini kidogo, kama kikombe. Hakuna mtu anachota hiyo akiwa amesimama. Unapiga magoti, unaingiza kibuyu pole pole usichafue, unachota, unangoja ijae tena. Na mwenye amechimba ndiye anachotea wengine. Wewe unainama tu hapo na mikono yako, unapewa."

"Wazee pia?"

"Guka yangu, babu Nzioka, alikuwa chifu. Chifu mzima, na kofia! Alikuwa anavua kofia, anapiga magoti, shosho, mkewe, anamchotea. Ukikataa kuinama utakunywa nini, hewa?"

Safiya hakucheka. Alikuwa anaangalia ukuta wenye bei za kulaminisha kama mtu ameitwa kwa mbali. Mwalimu anataka magoti? Atapata magoti.

"Piga magoti," akasema.

"Nani, mimi?"

"Wewe ni Mwana Nuru. Hapo chini. Nataka kuona mgongo unavyokunjika. Mjomba!"

Mjomba Ali alikuwa anabadilisha wino. "Naam?"

"Wewe ni Mzee Jumbe. Umemhukumu huyu, lakini una kiu. Piga magoti mbele yake, mikono hivi."

"Mimi? Na hizi kilo zangu?"

"Mjomba, saa kumi na mbili inafika."

Sauti aliyotumia, Mjomba Ali hakuwa ameisikia tangu azaliwe huyo mtoto. Akashuka mwenyewe, akishikilia kiti, magoti yakilia kama mlango wa zamani. Safiya akachora penseli ikikimbia, mara ya kwanza maishani akiamrisha watu. Shingo chini kidogo. Hapana, mjomba, usimwangalie, angalia maji, una aibu. Syombua, wewe huna aibu. Wewe uko kazini.

Hapo ndipo Festus, mwenye duka la vipuri jirani, aliingia kutoa kopi ya kitambulisho. Akasimama mlangoni.

"Ali! Leo kibla kimehamia upande huu?"

"Nyamaza, Festus," Mjomba Ali akasema bila kuinua kichwa. "Nahukumu mtu."

"Ukiwa hapo chini?"

"Ndio hivyo wanahukumianga huko Mwala. Subiri kidogo."

Festus akacheka mpaka akakaa kwa benchi, na akasubiri kweli, akishikilia kitambulisho chake.

Michoro mipya ishirini na sita. Mingine aliikata kutoka kwa ile ya zamani, ndoo akaifuta, kamba akaifuta. Mwisho ukawa hivi: Mzee Jumbe amesimama, fimbo mkononi, anangoja mwanamke apige magoti aombe msamaha. Mwana Nuru anapiga magoti. Anaingiza kibuyu kwa shimo. Anangoja maji ijae. Haombi kitu. Nyuma yake wageni wanapiga magoti, mmoja mmoja. Fimbo ya mzee inawekwa chini. Mzee anainama, mpaka uso wake unakuwa sawa na uso wa Mwana Nuru. Anatoa mikono. Basi.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nane filamu ikamaliza kupanda mtandaoni.

"Mpigie mwalimu," Syombua akasema. "Umweleze."

"Nitakwama."

"Basi nipe mimi nimpigie."

"Hapana." Safiya akavuta simu kifuani. "Ni yangu."

Akaandika na vidole viwili, bila kufuta hata neno moja:

"Habari ya jioni mwalimu. Ni Safiya. Link ndiyo hiyo. Mwana Nuru amepiga magoti vile ulisema. Mzee Jumbe pia amepiga, kwa sababu maji ya mchanga iko chini na hakuna mtu anaifikia akiwa amesimama, uliza mtu yeyote wa Mwala. Mchana nilikuambia sawa lakini haikuwa sawa. Mimi pia nililia kwa ule ukurasa, lakini nililia na hasira. Kitabu nimesoma mara nne. Ukituma, tuma hivyo. Usipotuma nitaionyesha mwenyewe Jumamosi kwa ukuta wa saiba ya mjomba, watu wakae nje waone. Sibadilishi tena."

Akatuma. Tiki moja. Tiki mbili. Zikageuka bluu.

Festus alikuwa ameshapata kopi yake lakini hakuenda. Mjomba Ali alisimama nyuma ya kiti akikanda goti. Juu ya simu pakaandikwa kwamba mwalimu anaandika. Wote wanne wakainamia kioo. Pakafutika. Pakaandikwa tena, pakafutika.

Saa kumi na mbili ikafika, ikapita bila jibu. Safiya akaweka simu mezani, kioo kikiangalia juu.

"Ameisoma," Syombua akasema.

"Najua," Safiya akasema, na akaiacha hapo.